Uchambuzi wa kisa: Fundi aliyepooza, mke wake na mbuzi ya nazi

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu kidogo, nimeona bora nikiandike maana kila nikikisimulia kazini watu wanacheka ile sehemu ya nazi halafu wanasahau sehemu yenyewe ya maana. Wenyewe wameridhia kisimuliwe. Umri nimeusogeza, mtaa sitautaja, jua tu ni mji wa pwani kaskazini mwa Tanzania, ule wa baiskeli. Mgonjwa nitamwita Mzee, mkewe nitamwita Bi Mkubwa (na hapana, hakuna bi mdogo, msianze). Mimi ni fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo), na kwenye hiki kisa sikuwa shujaa, mtaona.

Historia

Mzee ana miaka sitini na kidogo, fundi seremala, karakana ipo uani kwake na ana kijana mmoja anayejifunza kazi. Presha alijua anayo miaka mingi ila vidonge alikuwa anameza kichwa kikiuma, kisipouma hamezi, yaani kama panado. Asubuhi moja anapiga randa mkono wa kulia ukaachia tu, randa chini, mdomo ukapinda, maneno hayatoki. Nyumbani wakabishana mpaka adhuhuri kama ni upepo mbaya au ni la hospitali, akapakwa mafuta, akasomewa, jioni ndo akafikishwa. Kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa) kikaonyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, yaani kiharusi, na ndo maana vilivyoathirika ni mkono na mguu wa kulia pamoja na kuongea. Akalazwa siku tisa, akaruhusiwa na vidonge vya presha, aspirini, dawa ya lehemu (kolesteroli) na karatasi ya kuja kwetu.

Watu wanaona haya mambo ni ya bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja, lakini ule utafiti uliofuatilia wakazi wa wilaya ya Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, ukishasawazisha umri, Dar kuna wagonjwa wapya wa kiharusi kama 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai kama 109. Hao wote wakipona kidogo wanarudi wapi? Kwa mke, kwa binti, kwa mkwe.

Huyu alirudi kwa Bi Mkubwa, hamsini na kitu, anauza vitumbua barazani. Anaamka saa tisa usiku, saa kumi na mbili anauza, saa tatu amemaliza, halafu siku yake ya pili inaanza: kumuogesha Mzee, kumvalisha, kumlisha, kumgeuza, kufua. Watoto watatu, wawili wako mbali, mmoja yuko Maskati ndo anayetuma hela.

Wiki sita za kwanza

Nilifanya kila kitu kama kitabu kinavyosema, na hapo ndo palipoharibikia.

Nikampima Mzee. Kuinuka kwenye kiti, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa, sekunde 41 akiwa na fimbo ya miguu minne (ukizoea hiki kipimo unajua 41 ni nyingi, mtu wa umri wake mzima anatumia chini ya 12). Kusimama na kukaa kwa sekunde 30 akaweza mara 3. Mkono wa kulia unanyanyuka mpaka kifuani, vidole havifunguki. Bega la kulia limeachia, ukigusa juu yake unahisi kidimbwi kinachoingia kidole. Nikampangia kuja mara mbili kwa wiki, na nikamchapia karatasi ya mazoezi kumi na mawili ya nyumbani yenye picha. Karatasi nikampa Bi Mkubwa nikamwambia ahakikishe anayafanya asubuhi na jioni.

Wiki ya tatu wakaanza kuja mara moja. Wiki ya tano hawakuja kabisa. Bajaji kwenda na kurudi ni elfu kumi, fanya hesabu ya vitumbua vingapi hivyo. Nikaamua kuwafuata nyumbani.

Nikapiga hodi, nikamwamkia Mzee, akaitikia "marahaba" safi kabisa, ila alipotaka kuniambia nikae akawa anatafuta neno mpaka akakata tamaa akaonyesha kiti. Karatasi yangu nikaiulizia. Bi Mkubwa akaenda kwenye kabati, akatoa mfuko wa nailoni wenye kadi za kliniki, na ndani yake karatasi yangu, imekunjwa mara nne, safi kama ilivyotoka kwenye printa. Aliitunza vizuri sana.

Nikamwomba anionyeshe anavyomuinua. Akamshika mkono ule wa kulia, akavuta, halafu akamkumbatia chini ya makwapa akamnyanyua mzima mzima kama gunia. Mzee akakunja uso, Bi Mkubwa akashika kiuno. Hapo nikapata majibu ya maswali mawili kwa mpigo, kwa nini bega la Mzee linazidi kuuma na kwa nini huyu mama anatembea ameinama.

Kona kulikuwa na kibaiskeli cha mazoezi, vile vya kukanyaga ukiwa umekaa, mtoto wa Maskati alikituma. Kimeanikwa kanga. Nikakijaribisha, Mzee akakanyaga vizuri tu, ila ukiangalia ni mguu wa kushoto unaofanya kazi, wa kulia umepewa lifti. Nikakirudishia kanga zake.

Siku ya mashine ya presha

Nikampima Mzee presha, 164 kwa 98. Mashine ilikuwa bado iko mezani nikamwambia Bi Mkubwa kwa utani tu, mama na wewe kaa tukupime. Akacheka, akasema "mwanangu, mimi sina nafasi ya kuumwa." Akakaa. 168 kwa 102. Nikasubiri dakika tano nikarudia, 166 kwa 100. Hajawahi kupimwa toka mimba ya mwisho.

Sasa hebu fikiria. Miezi miwili hii familia inapita mikononi mwangu, nina faili lenye kurasa kumi na nne za Mzee, na mtu ambaye mpango wangu wote umemkalia mgongoni ana presha ya kumpeleka kulekule alikokwenda mumewe. Kwenye faili anaonekana mara moja tu, kwenye mstari wa mtu wa karibu, jina na namba ya simu.

Nilimuuliza mara ya mwisho kutembea kwenda mahali kwa ajili yake ni lini. Akafikiri sana. Akasema mashine ya kusaga, ila siku hizi anamtuma kijana wa karakana, kwa sababu Mzee akibaki peke yake anajaribu kusimama na alishaanguka mara moja usiku akienda chooni.

Tulichoamua na kwa nini

Uamuzi wa kwanza, Bi Mkubwa aende kituo cha afya wiki hiyohiyo, kijana akae na Mzee. Alianzishiwa vidonge. Huu haukuwa na mjadala.

Wa pili, ile karatasi tukaifuta. Mazoezi kumi na mawili mara mbili kwa siku ni kumpa ajira mtu ambaye ana ajira mbili tayari. Tukabakisha mambo matatu, na kila moja nikalifunga kwenye kitu ambacho nyumba hiyo inakifanya hata mimi nisipokuwepo.

Wa tatu ndo uliobadilisha mambo, na sikuupanga, niliuokota. Nilikuwa namfundisha Bi Mkubwa namna ya kumwacha Mzee ainuke mwenyewe: miguu irudi nyuma chini ya magoti, kiwiliwili kije mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, halafu ndo asimame, yeye akae upande wa kulia amlinde tu asivute mkono. Ili aelewe nikamwambia afanye yeye kwanza, bila kutumia mikono, mara kumi. Akaanza. Na Mzee, ambaye dakika kumi kabla alishindwa kusema "kaa", akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Mpaka kumi bila kukwama. Wanaojua afasia (kupotelewa na maneno baada ya ubongo kuumia) hawatashangaa, vitu vya kukariri kama hesabu na dua mara nyingi vinabaki hata maneno ya kawaida yakipotea, Fatiha alikuwa anaisoma yote. Lakini Bi Mkubwa hakuwa anajua hilo, alisimama katikati ya ile ya saba akamwangalia. Mzee akamfokea, "Saba!" Maana yake endelea.

Basi tukaamua Mzee ndo msimamizi. Bi Mkubwa anafanya kumi Mzee anahesabu, halafu Mzee anafanya tano Bi Mkubwa anahesabu, wanaangaliana, barazani, vitumbua vikishaisha. Huyu ni mtu aliyekuwa anasimamia vijana karakana miaka thelathini, ukimfanya wa kusimamiwa kutwa nzima unategemea atafurahi?

Hilo ndo la kwanza kati ya yale mambo matatu. La pili lilikuwa kutembea, na la tatu mkono.

Kutembea: tatizo ambalo sikuliona kwenye kitabu

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na wenye ulemavu na maradhi sugu wamo humo, kwa kadiri wanavyoweza. Mi nikaona rahisi, watembee pamoja jioni, ndege wawili jiwe moja. Msikiti uko kama mita 250, Mzee anapenda kuswali alasiri jamaa, wamekwenda.

Siku ya kwanza niliwasindikiza. Kwanza ndala. Mguu uliopooza haushiki ndala, inabaki nyuma na mwenyewe hajui, tulirudi kuifuata mara tatu. Ikabidi zitafutwe sandali za mkanda wa nyuma, za kubandika, kwa sababu msikitini lazima avue na avae kwa mkono mmoja. Halafu watu. Kila baada ya nyumba mbili mtu anainuka anakuja kumshika mkono, pole mzee, pole sana, aah dunia hii. Kufika njia panda Mzee kafunika uso kwa mkono wa kushoto analia. Akasema neno moja, "Turudi."

Hili lilitatuliwa na Bi Mkubwa mwenyewe wala si mimi. Kesho yake mtu akianza tu pole, yeye anajibu kwa sauti ya kuuza vitumbua, "Tuko kazini, tutaongea jioni!" na hawasimami. Baada ya wiki mtaa mzima ulijua wako kazini.

Lakini nikaja kugundua kitu kingine. Nilimvalisha Bi Mkubwa saa yangu inayohesabu mapigo. Mwendo wa Mzee ni wa kobe, mita 250 karibu dakika kumi na mbili na mapumziko humo. Mzee anafika anahema, jasho, kwake hayo ni mazoezi kamili. Bi Mkubwa mapigo yake ni yaleyale ya kukaa barazani. Mtihani wa kawaida tu unatosha, mtu akifanya mazoezi ya wastani anaweza kuongea ila kuimba hawezi, na Bi Mkubwa njia nzima angeweza kuimba taarabu. Tulikuwa tunajisifu wanatembea pamoja kumbe anayefanya mazoezi ni mmoja, mwingine ni msindikizaji. Tena mwendo wa polepole wa kumlinda mtu asianguke unachosha mgongo bila kuusaidia moyo.

Tukabadilisha. Anamfikisha msikitini, anamkabidhi kwa wazee wenzake, Mzee anaswali kwenye kiti halafu anabaki barazani kwenye bao (mkono wa kushoto unatosha kwa bao, na kuhesabu kete ni dawa nyingine). Bi Mkubwa anakwenda zake. Peke yake, kasi yake, kupitia mashine ya kusaga na kuzunguka kwa nyuma, dakika ishirini mpaka ishirini na tano. Anarudi, wanatembea taratibu kurudi nyumbani. Wiki ya kwanza alikuwa anakaribia kukimbia kwa wasiwasi. Wiki ya pili nikamuuliza ikoje, akasema hajatembea mikono mitupu toka Mzee augue. Nimekumbuka hiyo sentensi kuliko namba zote.

Damu kwenye nazi

Mkono. Nilitaka kazi ya mikono miwili, ya kila siku, yenye maana. Vitumbua vinataka tui, tui linataka nazi, kila siku mtu anakuna. Ila mbuzi iko chini, Mzee akikaa pale haamki. Na mwanamume wa pwani, fundi, akae juu ya mbuzi majirani wanamwona? Nilivyotaja tu akageuza uso.

Siku ya tatu nimekuta kitu kimesimama uani. Kijana wa karakana ameunda mbuzi ya juu, kimo cha kiti, ubao umekwenda mbele ili goti lisibane, miguu minne imetanuliwa isiyumbe. Michoro aliichora Mzee kwa mkono wa kushoto, penseli nyuma ya sikio kama zamani. Nani alimwambia? Hakuna. Akakubali kukuna, kwa sharti iwe ndani ya karakana na mlango umerudishwa.

Tulikuwa tunaweka mkono wa kulia chini ya kifuu, wa kushoto unaongoza juu. Siku nne vizuri. Siku ya tano Bi Mkubwa akapiga simu, anapiga kelele, chicha imekuwa nyekundu. Mzee alijikata kwenye vifundo vya mkono wa kulia na akaendelea kukuna, hakusikia. Na kwa sababu anameza aspirini damu iligoma kukata, walibana kitambaa karibu nusu saa.

Kosa ni langu. Hisia ya mguso nilipima siku ya kwanza, nikaandika "imepungua", nikaipita. Mkono usiosikia nimeuweka karibu na chuma chenye meno kwa sababu wazo lilikuwa tamu. Tukasimamisha mwezi mzima. Tuliporudi ni kwa glovu nene ya karakana mkono wa kulia, na sheria kwamba macho yako kwenye mkono muda wote, Bi Mkubwa au kijana yupo pembeni. Na baadaye kazi kubwa ya mkono wa kulia ikawa kubana bakuli Bi Mkubwa anapokoroga, haina sifa sana ila haina meno.

Matokeo, wiki ya 20

Kuinuka na kutembea zile mita 3 kwenda na kurudi, kutoka sekunde 41 mpaka 23. Kusimama na kukaa kutoka 3 mpaka 8. Bega haliumi tena usiku. Vidole bado havifunguki vyenyewe, na sidhani kama vitafunguka, hili nimewaambia wazi. Presha yake 138 kwa 86. Hajaanguka tena.

Bi Mkubwa 140 kwa 88, anasema kiuno kimepungua kuuma, anatembea siku tano kwa wiki. Hizo ni kama dakika 110 hivi za kasi yake, ongeza kusimama na kukaa. 150 hajafika.

Ramadhani iliwaangusha. Karibu wiki tatu walisimama kabisa, jua, saumu ya Bi Mkubwa, biashara ya futari, na Mzee aligombana na kila mtu kuhusu kufunga mpaka daktari wake alipoongea naye. Baada ya Idi tulikuta sekunde zimerudi 31. Sikuwa nimepanga lolote kwa mwezi huo, kana kwamba sijui kalenda ya mji ninaoishi.

Uchambuzi

Kilichosaidia kwanza ni kuacha kumhesabu Bi Mkubwa kama kifaa. Alipopata presha yake, namba zake na muda wake, mazoezi ya Mzee yalipona yenyewe bila mimi kuhimiza. Nilidhani nikimwongezea jambo la kufanya atachoka zaidi, ikawa kinyume, ila angalieni, niliongeza baada ya kupunguza. Ningemwambia atembee dakika ishirini juu ya ile karatasi ya mazoezi kumi na mawili angenicheka, na angekuwa na haki.

Neno "pamoja" lilinidanganya. Nilielewa pamoja ni bega kwa bega, kasi moja. Kwao pamoja iliyofanya kazi ni wanatoka pamoja, wanaachana, wanarudi pamoja. Kuna wenzangu wanaanzisha vikundi vya wagonjwa na walezi kufanya mazoezi yaleyale kwenye ukumbi mmoja, sipingi, lakini mpimeni mlezi mapigo kabla hamjaandika ripoti kwamba na yeye amefanya mazoezi.

Ile ya kuhesabu siwezi kuihamishia kwa kila mtu, wapo ambao kiharusi kimechukua hata hesabu. Jaribu dua, jaribu majina ya siku, jaribu kaswida. Ila kubadilishana usimamizi, hicho ningejaribu kwa yeyote. Mzee hakukosa siku ya kumsimamia mkewe hata alizokosa za kwake mwenyewe.

Bahati nayo ilikuwepo, lazima niseme. Msikiti karibu, wazee wa bao, kijana wa karakana, hela ya Maskati. Mama anayemlea mumewe ghorofani Kariakoo, chumba kimoja, ngazi hamsini, hana mtu wa kumkabidhi hata dakika ishirini, na bila mtu wa kumkabidhi huu mpango wote haupo. Swali la kwanza ninalouliza sasa si mazoezi gani, ni nani anaweza kukaa naye nusu saa bila kulipwa na bila kununa.

Kuhusu usalama, sheria yetu kituoni ni presha ikizidi 180 ya juu au 110 ya chini siku hiyo hakuna mazoezi, na tangu ile nazi hisia inapimwa upya kabla ya kazi yoyote yenye makali, moto au maji ya moto. Jikoni kote basi.

Fomu yetu ya kupokea wagonjwa bado ni ileile, mtu wa karibu, uhusiano, simu. Nimeomba ibadilishwe, nimeambiwa zilizopo ziishe kwanza, zimo boksi mbili. Kwa hiyo naandika presha ya mlezi kwa kalamu pembeni ya namba ya simu, mwandishi wa mafaili ananilaumu kwamba naichafua.